Msafiri Haambiwi Mabaya

Binti yangu ana duka la vitambaa, magazini kama tunavyosema, hapa Likasi, na kila akienda Dubai kununua mali huliendesha kwa simu. Asubuhi anatumiwa picha za rafu, jioni picha za vilivyouzwa, na katikati anagomba mpaka simu inapata moto sikioni. Mara ya mwisho aliporudi alinionyesha kisimu chake akacheka: "Mama, magazini yote iko humu ndani." Nikamwuliza swali moja tu. Yule msichana uliyemwacha dukani, kitu kikiharibika anakuambia? Akasema bila shaka. Mimi pia niliwahi kusema bila shaka.

Miaka ya tisini hatukuwa na simu. Kampuni ya shaba ilikuwa inakufa, na sisi tulikuwa tunaitazama inavyokufa. Mume wangu aliendelea kuamka alfajiri, kuvaa ovaroli iliyopigwa pasi na kwenda kwenye kiwanda ambacho hakikumlipa. Kwanza walikata mshahara. Kisha wakakata unga wa kila mwezi, na hapo ndipo Likasi nzima ilipojua kwamba mambo yamekwisha. Mshahara mtu anaweza kuungoja. Bukari haingojwi, maana mtoto akitaka ugali wake humwambii habari za kampuni.

Niliuza cherehani yangu, nikauza friji, nikauza na kitanda cha wageni, nikanunua mashini ya kusaga mahindi. Tuliifunga kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Mahindi yalitoka Kapolowe kwa baiskeli, na wanawake walipanga mabeseni yao mpaka barabarani. Mume wangu hakuipenda ile mashini. Alikuwa mkuu wa zamu kiwandani, hakutaka kuitwa mume wa mama wa unga. Lakini bukari yake aliila, na sikumsikia akilalamika kuwa ina ladha ya aibu.

Barabara ya pili alikuwapo bwana mmoja aliyekuwa karani wa kampuni, naye alikuwa na mashini kama yangu. Mota yake iliibwa, na wateja wake wote wakaja kwangu. Nilimwambia pole, kanisani, mbele ya watu. Moyoni nilisema afadhali yeye kuliko mimi. Siwezi kusimulia habari hii nikajifanya malaika.

Halafu shafti ya mashini ikaanza kupinda. Shafti ni ule mtaimbo wa chuma unaozungusha nyundo za kupondea mahindi. Ikipinda, mashini inatetemeka na mota inaumia. Zamani karakana ya kampuni ingekereza mpya kwa siku moja. Sasa mafundi wake walikuwa wanalima mihogo. Nikaambiwa Chingola, upande wa Zambia, yupo fundi hodari wa kukereza vyuma. Nikafunga mzigo.

Kabla sijaondoka nilimsimamisha mume wangu na mdogo wangu wa kike mbele ya mashini, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Nikawaambia: beseni dogo dogo tu, msijaze. Kila saa mbili mzime, ipumzike. Gunia zima msiliweke hata akija askofu. Wakaitikia wote wawili. Mume wangu alikuwa anaangalia juu, kwenye bati.

Sasa niwaeleze foni, kwa sababu watoto wa leo hawaijui. Foni ilikuwa redio ya kuzungumzia, yenye waya mrefu juu ya nguzo. Likasi ilikuwa kwenye chumba kimoja karibu na soko, na Chingola aliiweka mfanyabiashara mmoja wa kwetu, uani kwake, kando ya banda la kuku. Unalipa dakika zako, unabonyeza kidude, unasema, kisha unasema "à vous", maana yake sasa zamu yako, unaachia, unasikiliza. Siri haikuwapo. Sauti yako ilitoka kwenye spika, na watu wote waliokaa kwenye mabenchi wakingoja zamu zao walikusikia. Mtoto akizaliwa Kolwezi, ukumbi mzima wa Likasi ulipiga makofi. Watu walioa kwa foni, waligombana kwa foni. Mimi niliendesha mashini yangu kwa foni, kila Jumanne na kila Ijumaa, saa nne asubuhi.

Fundi wa Chingola alikuwa mzee mwembamba, mwongo kama mafundi wote. Alisema siku nne. Siku nne zikawa wiki moja, maana chuma kilikuwa hakijafika. Kilipofika, umeme ukakatika. Uliporudi, fundi akafiwa na shemeji. Nilikuwa nakwenda karakana kwake kila siku, nimkalie kooni, kwa sababu niliona nikikaa chumbani nilikopanga atanisahau. Hakukuwa na kiti. Mlangoni palikuwa na mota moja ya zamani, ya kijani, imesimama kwenye sakafu. Mguu wake mmoja ulikuwa umechomelewa vibaya, umeacha nundu ya chuma kama kidole gumba. Nilikunja kitenge changu, nikaweka juu yake, nikakaa. Hapo ndipo palipokuwa pangu.

Jumanne ya kwanza nilibonyeza kidude. "Likasi, Likasi, munanisikia? Mashini inasaga? À vous."

Mdogo wangu, anayeniita yaya kwa maana ya dada mkubwa, akajibu, sauti yake ikipita katikati ya mlio kama wa mafuta ya kukaangia. "Tunakusikia muzuri, yaya. Mashini inasaga. À vous."

"Munajaza beseni kidogo kidogo? À vous."

"Kidogo kidogo, yaya. À vous."

Nikaenda kukaa kwenye mota yangu, nimeridhika.

Na hivyo ndivyo tulivyoendelea. Niliuliza mahindi ya Kapolowe yamefika, nikaambiwa yamefika. Niliagiza chujio libadilishwe kwa sababu mahindi yalikuwa na unyevu, nikaambiwa tayari. Niliagiza nyundo zigeuzwe upande wa pili, na Ijumaa mume wangu mwenyewe alikuja kwenye foni kunijibu kwamba amezigeuza kwa mkono wake. Nilifurahi kupita kiasi. Mwanamume huyu ambaye hakutaka hata kusimama karibu na kibanda, leo anageuza nyundo! Niliona kwamba safari yangu imemfanya mtu.

Kitu kimoja nilikiona, nikakielewa vibaya. Foni ya Likasi ilikuwa na kelele siku zote. Nyuma ya anayezungumza ulisikia watu wakikohoa, wakicheka, watoto wakilia. Lakini nilipokuwa nauliza habari za mashini, kule nyuma palinyamaza kabisa. Watu wote kimya. Nilidhani ni heshima. Nilijiambia, wanasikia jinsi mwanamke anavyoongoza kazi yake akiwa nchi ya watu.

Wiki ya tatu fundi alinitazama nilivyokaa, akaniuliza kwa Kibemba kama sitaki ile mota. Aliyeileta hakurudi, na kwake ilikuwa inaziba njia tu. Angenipa kwa vile vitenge nilivyokuja navyo kuuza, na asingedai kingine. Nilimwuliza mota ya pili nitaipeleka wapi, niiweke kichwani? Mota ninayo, inasaga. Akainua mabega, akarudi kwenye shafti. Vile vitenge nilivibadilisha sokoni. Nilimnunulia mume wangu viatu vya ngozi, vyeusi, vya kamba, kwa sababu amegeuza nyundo. Nilimnunulia mdogo wangu gauni la buluu kwa sababu ya beseni dogo dogo. Nilikuwa nawapa zawadi wafanyakazi wangu hodari.

Ijumaa ya mwisho shafti ilikuwa tayari, nami nilikuwa na furaha ya kuongea. Nikabonyeza kidude. "Nakuya kesho! Na musikie hii: fundi wa huku, nyuma ya soko, anatafuta kuniuzisha mota, bei ya bule. Minye, mimi huyu! Nilimuambia minye iko na mota! Wale benye mashini yabo ilikufa, bakuye baichukue. À vous."

Nilingoja ukumbi ucheke. Haukucheka. Mdogo wangu akasema, "Ndiyo, yaya. À vous," na sauti yake ilikuwa ndogo.

Jumamosi nikavuka mpaka, Kasumbalesa, shafti imefungwa kwenye gunia, naiburuta kati ya malori. Upande wa pili, kwenye foleni ya wanaotoka, nikamwona yule bwana wa barabara ya pili, karani wa zamani. Kofia mkononi, mpole kama siku zote.

"Mama, pole na safari."

"Aksanti. Na weye unaenda wapi?"

"Kutembelea ndugu kidogo." Akaangalia gunia langu. "Hii njo shafti?"

"Njo yenyewe. Jumatatu tunaiweka, na beseni zote za Likasi zinakuya kwangu."

"Mungu akusaidie, Mama," akasema, akavaa kofia yake.

Nilifika nyumbani jioni. Barabarani hakukuwa na beseni hata moja. Nilipita nyumba, sikumsalimu mtu, nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Mashini ilikuwapo, imefunikwa shuka safi kama maiti. Nikavuta shuka. Mahali pa mota palikuwa na boliti nne na vumbi.

Mume wangu alisimama nyuma yangu. Nilimwuliza mara tatu kabla hajajibu, na alijibu akiangalia bati. Siku ya pili baada ya kuondoka kwangu, ya pili, si ya ishirini, alikuja mfanyabiashara na magunia sita, mwenye haraka. Mume wangu akajaza. Gunia zima, juu ya shafti iliyopinda. Mashini ikakwama, mota ikalia, ikatoa moshi. Akaipeleka kwa kijana anayesuka upya nyaya za mota. Yule kijana akaifungua, akatoa shaba yote ya ndani, akaiuza, akatoroka. Katika mji huu, unampa mtu usiyemjua kilo za shaba, unamwambia tutaonana Alhamisi!

"Na foni?" nikasema. "Wiki tatu ya foni?"

"Mama ya batoto," akasema mume wangu, "mutu iko mu safari habamuambiake mambo mubaya. Unajua."

Najua. Nani asiyejua? Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kwamba mama yake amekufa; anaambiwa mama anaumwa kidogo, rudi. Unamngoja afike, akae, anywe maji, ndipo umwambie, akiwa na watu wa kumshika. Jirani yangu alipofiwa na mtoto akiwa Kolwezi, mimi mwenyewe nilikwenda kwenye foni nikamwambia mtoto ana homa. Ni desturi nzuri. Iliwekwa kwa ajili ya vifo. Haikuwekwa ili mwanamume aliyejaza gunia ajifunike nayo kama blanketi, alale wiki tatu.

Nilisema mengi jioni ile na sijutii hata neno moja. Mdogo wangu alilia. Alisema alitaka kuniambia tangu Jumanne ya kwanza, shemeji akamkataza, na mwendesha foni naye akamkataza, na mama mmoja kwenye benchi akamshika mkono akamwambia, "Muache afike kwanza." Nikamwuliza: nyundo zilizogeuzwa? Hakuna nyundo zilizogeuzwa. Chujio? Hakuna. Mahindi ya Kapolowe? Yalipita, yakaenda kwa wengine. Wiki tatu nilikuwa naendesha kazi ambayo haiko. Nilikuwa natoa amri kwa shuka.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye foni. Ukumbi ulikuwa umejaa. Sikuomba zamu. Nilisimama katikati nikawaangalia mmoja mmoja, wale waliokuwa wananipa kimya kile, na nikawaambia kama uongo ungempeleka mtu Buluo, gereza lisingetosha kwa mabenchi haya peke yake. Nikawaambia nilikuwa nimekaa juu ya mota. Juu yake! Kwa makalio haya! Fundi ananibembeleza niichukue, na neno moja tu kutoka hapa, "ilikufa," neno moja, lingenitosha. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Pole, Mama." Nikamwambia pole yake aile na mboga.

Mwendesha foni hakuinua hata macho. "Minye nauzisha dakika, Mama," akasema. "Bukweli bwa batu haiko kazi yangu."

Lakini hasira bila kazi inaoza. Nilirudi nyumbani nikamvua mume wangu viatu. Alikuwa amevivaa Jumapili kanisani, hebu fikiria, amevitoa mwenyewe kwenye mzigo wangu akavivaa. Nilivifuta vumbi, nikachukua gauni la buluu, nikachukua na vitenge viwili vya sanduku langu mwenyewe, nikamwambia nakwenda Chingola na mara hii sitasema na foni yoyote. Alitaka kunisindikiza mpaka kituoni. Nikamwambia abaki alinde boliti zake nne.

Nilifika karakana Jumatano mchana. Kabla fundi hajanisalimu, niliangalia mlangoni. Palikuwa na duara la mafuta kwenye sakafu, na duara lilikuwa limeanza kukauka.

"Alikuja mtu wenu," fundi akasema. "Ile Jumamosi uliyoondoka, jioni. Mpole, mwenye kofia. Aliniambia wewe ndiye uliyemwelekeza."

Ilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyemwelekeza, kwa sauti yangu, kwa dakika nilizolipia mwenyewe. Yule bwana alikuwa kwenye benchi Ijumaa ile, akingoja kuongea na kaka yake. Likasi nzima ilisikia nikitangaza mota ya bure, na Likasi nzima ilijua mashini yangu imekufa. Wengine wote walinihurumia wakanyamaza. Yeye peke yake alinyamaza akatafuta kofia yake. Na pale mpakani, nikiwa nimefika tayari, nimesimama kwenye ardhi ya nchi yangu, hatua chache kutoka kwake, alikuwa bado ananitunza kama msafiri.

Fundi alinitafutia mota nyingine, hakupata. Nilirudi na viatu vyangu.

Miezi miwili tulitwanga kwa mkono. Mume wangu alitwanga, nisimnyime haki yake. Alisimama uani na mchi, mkuu wa zamu mzima, na watu wakimwona kutoka barabarani. Kisha mikono ya mdogo wangu ikapasuka malengelenge, watoto wakawa wanakula bukari yenye chenga, na asubuhi moja nikajaza beseni, nikajitwisha, nikaenda barabara ya pili.

Nilikuwa nimeisikia ile mota tangu wiki ya kwanza. Ukikalia kitu siku nyingi unaijua hata sauti yake ambayo hujawahi kuisikia. Foleni ilikuwa ndefu, wateja wangu wote, na waliponiona walinipisha mbele. Nilikataa. Nilingoja zamu yangu. Nilipofika mlangoni niliangalia chini, nikaiona nundu ya chuma kwenye mguu uliochomelewa.

Bwana alikuja mwenyewe kupokea beseni.

"Hii mota," nikamwambia, "niliikalaka juu wiki tatu."

"Najua, Mama," akasema, kwa upole wake ule ule. "Nilikusikiaka."

Alimimina mahindi yangu mwenyewe. Mashini yake ilikuwa inatetemeka. Shafti ilikuwa imeanza kupinda, niliona kabla hajasema. Alingoja mpaka unga uanze kutoka, akainama karibu na sikio langu kwa sababu ya kelele, akaniuliza kama ile yangu, ya kwenye gunia, naiuza.

Nilimwambia nitafikiri. Ni uongo, sikufikiri hata siku moja. Iko chini ya kitanda changu mpaka leo, imepakwa grisi, mpya kabisa, na binti yangu akifagia huigonga kwa ufagio na kuuliza ni ya nini.

Nilijitwisha beseni nikarudi. Nyumbani nilichukua unga kidogo kati ya vidole, nikausugua, nikitafuta chenga hata moja. Ulikuwa laini, laini kuliko unga wangu ulivyowahi kuwa, na watoto wakala wakaomba tena.